Ngazi ya Umri: Wosia, Ujana na Uzee katika Fasihi ya Kiswahili

Kiswahili cha asili hakimhesabii mtu miaka, humpa daraja. Kabla ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, umri wa mtu ulisemwa kwa jina la ngazi aliyosimama: mtoto mchanga, kigori, mwari, barobaro, mtu wa makamo, mtu mzima, mzee, shaibu na ajuza, hata kikongwe. Kila jina miongoni mwa haya halisemi mtu ameishi muda gani. Lasema amekwishaambiwa nini, na sasa anadaiwa nini na wenziwe. Kigori ni yule ambaye bado hajafundwa. Mwari ni yule ambaye wakati wake wa kufundwa umefika. Barobaro ni kijana ambaye jamaa zake wamekwishaanza kuulizana atamuoa nani. Mtu hapandi ngazi hii peke yake. Hupandishwa na waliotangulia, kwa ngoma, kwa chuo, kwa posa na kwa maneno ya faraghani.

Miongoni mwa majina hayo, moja lastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Watu wa Unguja, wanapotaka kumtaja mzee kwa heshima, aghlabu husema kuwa fulani "keshakuwa mtu mzima". Neno mzima hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: asiyepungukiwa na kitu, na asiye mgonjwa. Basi lugha humwita mtu mzima wakati ule ule ambapo magoti yanaanza kumsaliti na macho kupunguza nuru. Hili si kosa la lugha. Ni hukumu iliyopitishwa na vizazi vingi: kwamba ukamilifu wa binadamu haumo katika nguvu za mwili bali katika yale aliyoyaona, na kwamba mwili unapopungua mtu huongezeka. Methali inathibitisha hukumu hiyo kwa maneno matatu tu: utu uzima dawa.

Suali linalofaa kuulizwa na mhakiki ni kama fasihi ya Kiswahili imeikubali hukumu hiyo siku zote, au imeishuku. Jawabu hubadilika kizazi hata kizazi. Kuyafuata mabadiliko hayo, kuanzia tendi za karne ya 19 hata riwaya za mwanzo wa karne hii, ni kuona jinsi ngazi yenyewe ilivyokatika vipandio, na jinsi waandishi walivyokuwa wa kwanza kuhisi mguu ukikanyaga hewa.

Wosia wa mama mgonjwa

Bahari kuu ya fasihi inayohusu umri ni wosia. Mzazi husema, mtoto husikiliza. Mzazi amekaribia kuondoka, mtoto ndiyo kwanza anaingia. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, anayekadiriwa kuzaliwa Pate kiasi cha mwaka 1810, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Alikuwa mgonjwa alipotunga, na yakadiriwa kuwa alifariki miaka miwili baadaye. Aliyeambiwa ni binti yake, Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 17.

Kwa muda mrefu utendi huu umesomwa kwa jambo moja tu, nalo ni mafunzo ya mke kwa mumewe. Wako waliousifu kwa sababu hiyo na wako walioulaumu kwa sababu hiyo hiyo. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitaka usomwe upya, akidai kuwa ndani ya maneno ya utii mna kejeli na mna madaraka ya mwanamke anayejua ulimwengu unavyokwenda. Ugomvi huo una faida yake, lakini umekifunika kitu kilicho wazi mbele ya macho: utendi huu, kabla ya kuwa mafunzo ya ndoa, ni mkutano wa umri mbili kitandani pa mgonjwa. Mama anamwita mwanawe asogee na vyombo vya kuandikia. Anaeleza kuwa maradhi yamemshika kwa muda mrefu, na kwamba alikuwa hajapata nafasi ya kumuusia. Ndipo anapompa hirizi ya maneno aivae.

Tazama namna mwili wa mama unavyoingia katika shairi. Hauingii kama habari. Mama hasimulii maumivu yake, hasemi usiku wa mgonjwa una urefu gani, haelezi huyatazama vipi mauti. Mwili umetajwa kama sababu ya haraka: muda ni mfupi, basi sikiliza. Baada ya hapo msemaji si mgonjwa tena, ni mwalimu. Anajua haki za watano ambao binti anawajibika kwao, anajua namna ya kuishi na watumwa na matajiri, anajua mume akilala afanyiwe nini. Maradhi yanarudi karibu na mwisho, katika dua, na hapo pia yamegeuka kuwa maombi kwa ajili ya watoto na jamaa. Hiyo ndiyo kanuni ya wosia: mzee ana haki ya kusikilizwa kwa sharti kwamba asizungumze juu ya uzee wake.

Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki. Mama na mwana waliamini kuwa wanapanda ngazi moja. Alikopita Mwana Kupona ndiko atakakopita Mwana Hashima: nyumba ile ile, ndoa ya namna ile ile, mji ule ule au jirani yake. Maneno ya mama yalikuwa kama ramani ya rubani anayemwachia mwanawe chombo katika bahari isiyobadilika. Maadam bahari ni moja, ramani haizeeki.

Lakini tarehe zinasema jambo ambalo utendi wenyewe haukuweza kulijua. Mwana Kupona alifariki akiwa na miaka kama 50. Mwana Hashima aliishi hadi mwaka 1933. Yaani binti aliyeusiwa alipata umri ambao mama yake hakuuona kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipokuwa kikongwe, alikuwa mkubwa mno kuliko sauti iliyomuita "mwanangu" katika utendi. Alishuhudia usultani ukipungua, Waingereza wakija, biashara ya utumwa na utumwa wenyewe vikipigwa marufuku. Ubeti gani wa mama ulimfaa katika uzee wa namna hiyo? Hakuna hata mmoja uliozungumza juu ya kuwa mjane wa miaka themanini katika dunia iliyogeuka. Mwaka uliofuatia kifo chake, 1934, Alice Werner na William Hichens walitoa chapisho lao la utendi huo. Sauti ya mama ikaingia vitabuni. Sauti ya binti mzee, ambayo ingeweza kujibu, haikuingia.

Mji unaozeeka badala ya mtu

Yafaa kukumbuka kwamba Mwana Kupona hakuwa wa kwanza katika eneo lile kutafakari kupita kwa wakati. Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ilikwishatangulia mwanzoni mwa karne hiyo ya 19. Humo mshairi anausuta moyo wake kama mtu anayemsuta kijana mjinga, aliyeghurika na dunia. Hata hivyo kinachozeeka mbele ya macho ya msomaji si mwili wa mshairi, bali mji wa Pate: kumbi zilizokuwa na taa na vicheko zimekuwa tupu, na katika vidaka vilivyopangwa sahani za kauri sasa wamelala makinda ya ndege wa mwituni.

Uteuzi huu wa taswira una maana. Mshairi mstahiki hawezi kuanika mwili wake, kwa hivyo huzeesha kuta. Aibu ya uzee, yaani kuanguka, kuvuja, kuachwa, huhamishiwa kwenye jumba. Na kwa kuwa jumba ni la jamaa nzima, huzuni inakuwa ya watu wote, si kilio cha mtu mmoja. Adabu hii ya kuficha ilizaa ushairi mkubwa. Ila iliacha pengo, kwamba msomaji wa Kiswahili anajua vizuri namna jumba linavyobomoka, na hajui mzee anajionaje anapoamka asubuhi.

Shaaban Robert na kizingiti cha hamsini

Karne moja baadaye, Shaaban Robert aliurithi wosia na akauhamisha. Katika Maisha Yangu, kilichochapwa mwaka 1949 alipokuwa na miaka 40, aliweka tendi mbili za kuwausia watoto: Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Mshabaha na Mwana Kupona uko wazi, na wahakiki wameutaja mara nyingi. Tofauti ndiyo iliyo na uzito. Kwanza, msemaji ni baba, tena baba mjane, ambaye mkewe Amina alikwishafariki. Nafasi ya mama aliyekuwa amfunde binti imebaki wazi, na baba anaingia pasipokuwa pake. Utendi unakuja kwa sababu kipandio kimoja kimekatika.

Pili, tendi hizo hazikusimama peke yake. Zimo ndani ya kitabu cha nathari ambamo mtoaji wosia anasimulia maisha yake mwenyewe: kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, uhamisho, ndoa, kufiwa. Kwa mara ya kwanza msomaji anapewa nafasi ya kumpima mwenye kuusia kwa maisha yake. Mwana Kupona aliaminiwa kwa kuwa ni mama. Shaaban Robert anataka aaminiwe kwa kuwa ameeleza alikopita. Mamlaka ya umri yameanza kuhitaji ushahidi.

Kisha ukaja Baada ya Miaka Hamsini. Jina la kitabu hicho ni tahakiki kwa nafsi yake. Mwandishi ameacha kujiita kwa daraja, akajihesabia miaka kwa tarakimu, kama faili la mtumishi wa serikali linavyohesabu. Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 na akafariki tarehe 20 Juni 1962. Miaka hamsini ilikuwa kizingiti ambacho alitarajia kuketi juu yake na kutazama nyuma na mbele, na Mungu hakumjaalia hata minne baada yake. Ndiyo maana vitabu hivi viwili, vinaposomwa pamoja, huacha huzuni ambayo haimo katika sentensi yoyote. Msemaji mwenye sauti ya mzee wa kijiji hakuwahi kuwa mzee. Sauti ya uzee katika fasihi ya Kiswahili ya kisasa, ile ya hekima tulivu, ya mizani, ya methali, imejengwa kwa kiasi kikubwa na mtu aliyekufa akiwa na miaka 53.

Aliyenyimwa ngazi

Mpaka hapa ngazi ya umri imetazamwa kwa macho ya waliopandishwa. Ingekuwa dhulma kuishia hapo, kwani wako watu ambao jamii hii hii haikuwapa vipandio. Mtumwa hakuwa na wosia wa kuacha, kwa sababu hakuwa na mali wala nyumba, na mara nyingine hata mtoto hakuwa wake. Lugha ilimwekea jina la udogo: kijakazi, kitwana. Kiambishi ki- kilimzuia asikue.

Hakuna mwandishi aliyeliona jambo hili kwa ukali kama Adam Shafi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), mtumishi mzee wa kasri anaitwa Kijakazi. Hilo ndilo jina lake, hana jingine. Ni bibi kizee aliyechakaa kwa kazi, na bado kila anapoitwa anaitwa kwa neno la msichana. Bwana wake, aliye mdogo kwake kwa umri, humtukana kama mtoto. Methali zote za heshima kwa wazee zipo katika mji ule, lakini hazikupita mlango wa jikoni. Utiifu wa Kijakazi, unaowaudhi wasomaji wengi, waeleweka zaidi ukitazamwa kwa ngazi hii: mtu aliyenyimwa kukua huogopa kubaki bila wa kumwita.

Riwaya hii yapasa iwekwe kando ya Utendi wa Mwana Kupona kila utendi unaposomeshwa, kwani ndani ya utendi wamo watumwa pia, pale binti anapofundwa namna ya kuishi nao. Wao hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu anayelilia heshima ya zamani kwa wazee hana budi aseme analilia heshima ya wazee gani.

Mwaka 2001: wazee wawili

Baada ya uhuru na mapinduzi, kijana aliyesoma alisimama mbele ya wazee wake akiwa na kila neno ila neno la kuwaambia. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni mfano wa kwanza wenye kutisha. Anarudi kwao na elimu ya chuo kikuu, na elimu hiyo haimfungulii mlango wa uzazi wala wa utu uzima. Anakufa kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kufikia makamo. Wosia kwake umekuwa sauti ya watu wa ng'ambo ya mto.

Lakini picha iliyo kamili zaidi ya kukatika kwa ngazi ilitolewa mwaka 2001, na wana wawili wa Zanzibar waliolingana umri. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Unguja mwaka 1947. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alizaliwa mwaka 1948. Wote wawili walikuwa vijana wa shule mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea. Wote wawili waliishi miaka mingi ughaibuni. Mwaka huo mmoja wa kwanza alitoa Babu Alipofufuka kwa Kiswahili, na wa pili akatoa By the Sea kwa Kiingereza. Vitabu hivi havikuandikwa kwa kusikilizana, na kila kimoja kimemweka mzee katikati.

Katika Babu Alipofufuka, K ni mtu wa cheo, aliyeshiba na kusahau. Babu yake, ambaye ni marehemu, anamjia na kumtoa katika raha zake, akamtembeza kumwonyesha nchi ilivyooza na watu walivyoachwa. Sura ya nje ni ya wosia wa kale: mkubwa anaongoza, mdogo anafuata. Ila sharti limebadilika. Mzee aliye hai hasikilizwi tena, kwa hivyo imembidi afe kwanza ndipo arudi akiwa na nguvu ya kuogopwa. Kinachomtiisha K si heshima, ni hofu. Mwandishi amefahamu kuwa mamlaka ya umri hayatoshi peke yake mbele ya cheo na fedha, akayaongezea uchawi wa kaburi.

Katika By the Sea, Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani wa zamani, anafika uwanja wa ndege wa Uingereza akiwa na miaka 65, kwa pasipoti yenye jina lisilo lake, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamshangaa: kwa maoni yake, kuomba hifadhi ni shughuli ya vijana. Katika neno hilo la dharau mna ukweli wenye kuuma. Mtu wa umri wa Saleh Omar, kwa kanuni ya kwao, angekuwa ameketi barazani akisalimiwa na wapita njia. Badala yake anaanza upya kama barobaro asiye na kitu, katika nchi ambayo mvi zake hazimaanishi lolote. Ngazi haikukatika tu. Amerudishwa kwenye kipandio cha chini.

Na hapo Gurnah anafanya jambo ambalo wosia wa Kiswahili ulikuwa haujalithubutu. Saleh Omar anakutana na Latif Mahmud, aliye mdogo kwake, mtoto wa mtu ambaye jina lake ndilo alilolichukua. Mzee anasimulia, na kijana hasikilizi kwa kuinamisha kichwa. Anahoji, anakumbuka vingine, anadai haki ya jamaa zake. Mzee naye analazimika kukiri aliyoyafanya na kueleza aliyofanyiwa. Maneno yake si mafunzo, ni hesabu inayotolewa mbele ya mdai. Mwisho wake wanakaribiana, si kwa sababu mmoja ametii, bali kwa sababu kila mmoja amempa mwenziwe kipande cha habari alichokikosa.

Vitabu hivi viwili vinatoa majibu mawili kwa suali moja. Kwa Said Ahmed Mohamed, neno la mkubwa bado ni sahihi, lililoharibika ni sikio. Kwa Gurnah, neno la mkubwa lenyewe laweza kuwa na kosa, na halipati uzito ila likubali kuhojiwa. Jibu la kwanza lina ghera na lina hamu ya kuokoa. La pili ndilo linaloweza kuishi, kwa kuwa halihitaji miujiza. Linahitaji watu wawili wanaokubali kukaa pamoja.

Walioimba uzee wao

Haifai kudhani kwamba ukimya wa mzee juu ya nafsi yake ulikuwa kamili. Nje ya vitabu, wanawake waliuvunja. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kurekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Baada yake, Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliyachukua mapokeo yale na kuyabeba hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Hakuna aliyejua kwa hakika alizaliwa mwaka gani. Filamu aliyoitoa Andy Jones mwaka 2006 ilijengwa juu ya fumbo hilo, na jina lake lamfanya umri wake kuwa sawa na wa ulimi wake.

Bi Kidude alikuwa na daraja mbili ambazo kwa desturi hazikai pamoja. Alikuwa mfundaji wa unyago, yaani ni yeye aliyewapandisha wari ngazi na kuwaeleza mambo ya mwili bila kuficha. Papo hapo alikuwa ajuza aliyevuta sigara, aliyepiga ngoma kwa kuifunga kiunoni na kusimama jukwaani ughaibuni, akipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Wapo waliomwona kuwa amekosa haya za umri wake. Lakini tazama walichokuwa wakikipinga: si kwamba alikuwa mzee, bali kwamba alikuwa mzee mwenye mwili. Alichokificha Mwana Kupona nyuma ya mafunzo, Bi Kidude alikileta mbele ya watu, sauti iliyokwaruza ikiwa ndiyo sifa yake.

Upande wa ushairi wa maandishi, Haji Gora Haji wa Tumbatu alionyesha kitu kingine. Alizaliwa mwaka 1933, akasoma chuoni kwa maalimu na si katika skuli, akaishi kwa kazi za bahari na za mikono. Diwani yake ya Kimbunga ilichapwa mwaka 1994, alipokuwa na miaka kama 61, umri ambao mtumishi wa serikali amekwishastaafu. Kwake uzee wa kalamu ulikuwa mwanzo, na aliendelea kutunga na kushauriwa na vijana hata alipofariki mwaka 2021. Hilo laonyesha kuwa ngazi ya msanii haikufuata ngazi ya ofisi, na huenda ndiyo sababu mafumbo yake hayana sauti ya mtu anayeaga.

Tarakimu mpya na maneno ya zamani

Leo sheria na sera zimechukua kazi iliyofanywa na ngoma na kungwi. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 wamhesabu kuwa kijana mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa upande wa pili, Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Mpango huo una heri kubwa, maana umemfikia hata yule ambaye zamani angebaki Kijakazi. Kikongwe wa shamba, aliyekuwa hana cheo wala faili, amepata jina lake katika daftari.

Lakini tarakimu hizi, zikiwekwa kando ya fasihi, zaonyesha umbali uliopatikana. Mwana Hashima aliusiwa kuwa mke akiwa na miaka kama 17. Wa umri wake leo yumo darasani. Shaaban Robert, akiwa bado hajatoka mbali na umri wa ujana wa mikataba, alikwisha kumzika mke na kuwaandikia watoto maneno ya kuishi nayo. Kijana wa leo wa miaka 34, aliyesoma, asiye na kazi ya kudumu wala chumba chake, hajaruhusiwa kuwa mtu mzima, ijapokuwa ndevu zake zimeanza kuchanganya. Ujana ni moshi, walisema wahenga, ukienda haurudi. Moshi huu wa sasa hauendi, umefunga chumba.

Kwa hiyo malalamiko yanayosikika pande zote mbili, wazee wakisema vijana hawasikii na vijana wakisema wazee hawaelewi, hayatokani na ukosefu wa adabu peke yake. Kila upande unazungumza kutoka kwenye ngazi ambayo mwenziwe hakuipanda. Mzee anausia juu ya ndoa, na kijana anauliza mahari yatapatikana wapi. Mzee anamwambia avumilie kazini, na kazi yenyewe haipo. Wosia uliosimama juu ya bahari moja hauwezi kumwongoza mtu aliye katika bahari nyingine.

Kinachohitajiwa na fasihi yetu ya visiwani, basi, si tendi nyingine za kuwaamrisha vijana, wala mashairi ya kuwasimanga wazee. Yahitajiwa maandishi ambamo mzee anasema habari za uzee wenyewe: kusubiri zamu hospitali, kusahau majina, kuzika wenzi mmoja mmoja, kukaa katika nyumba ambayo watoto wameihama. Na yahitajiwa maandishi ambamo kijana anamweleza mkubwa wake jinsi ilivyo kukaa miaka kumi na mitano mlangoni pa utu uzima bila ya kufunguliwa. Utendi una nafasi ya kutosha kwa sauti hizo mbili, kwani majibizano ni ufundi wa kale kwa washairi wa Mombasa na Unguja, na mja si mgeni wa malumbano. Mwana Kupona alimwita binti asogee na wino na karatasi ili aandike atakayoambiwa. Wakati umefika kwa binti naye kuandika jawabu lake, na kwa mama kulisoma akiwa hai.